Cherehani Kilichofunguliwa

Siku Ngumbao alipoondoka, jambo la mwisho walilozungumza yeye na mkewe lilikuwa cherehani.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa pili, na jua la Watamu lilikuwa limeshuka chini kama limetumwa. Alfajiri Ngumbao alikuwa ameelekea Ganze kumpelekea mama yake dawa za presha. Kache, mkewe, alibaki kibandani kwao Timboni akishona dera la mteja. Kufika saa nne uzi ulikuwa umejisokota chini ya kitambaa mara ya tatu, umekuwa kama kiota cha kunguru. Kache akauma midomo, akachukua simu.

"Baba Pola, cherehani chako kimeanza tena."

"Changu?" Ngumbao akacheka, na nyuma yake mbuzi wa mama yake wakasikika. "Kikishona vizuri ni chako, kikikorofisha ni changu. Kama mtoto tu."

"Sina utani leo. Nitakitupa hori la Mida, kaa wa mikokoni washonewe suruali."

"Ngoja nije. Nikirudi nitakitazama."

"Ukitazame kwa macho. Mikono yako isikiguse. Kina waranti kile."

"Haya, Mama Waranti," akasema, akakata simu.

Saa tisa alasiri simu ililia tena. Safari hii alikuwa Mangi, ndugu yake Ngumbao. Alisema kaka yake alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama yao, akaomba maji, na maji yalipoletwa hakunyoosha mkono kuyapokea. Kache alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, asijue afanye nini, akakata uzi uliokuwa umejisokota, akalikunja lile dera, akalifunga kwenye mfuko pamoja na jina la mwenyewe.

Ngumbao alikuwa fundi wa vyerehani vya kukanyaga. Kuanzia Gede mpaka Ngomeni, ukiuliza fundi, kidole kilielekezwa kwake. Alifika kwa baiskeli, mfuko wa turubai begani, na kabla ya kuanza kazi alivua viatu kana kwamba anaingia mahali patakatifu. Hakuwa na haraka ya kufungua. Alimwambia mwenye cherehani akanyage, naye akainamisha sikio. "Kinalia hapa," alisema, akigusa mahali na kidole kimoja, na hapo ndipo penye ugonjwa. Nguo zake zote zilinuka mafuta ya mashine. Kache alilalamikia harufu ile miaka ishirini na sita. Sasa shati moja hakulifua.

Tena alikuwa na kazi moja ambayo mafundi wengine walishaiacha: kushona mahando. Hando ni sketi ya zamani ya wanawake wa Kigiriama. Ni kitambaa cha bafta tu, marinda juu ya marinda, mpaka sehemu ya kiunoni inakuwa nene kama kitabu cha nyimbo cha kanisani. Wasichana wa leo hawalivai ila siku ya ngoma. Vikongwe hawalivui. Ngumbao alilishona kwa siku mbili kwenye cherehani chake kikuukuu, akikanyaga polepole kama mtu anayepanda mlima na gunia la mahindi kichwani, akipiga mluzi usiokuwa wimbo wowote. Bibi wa watu akija kulichukua, Ngumbao alimwambia, "Zunguka, hawe, tuone," na bibi wa miaka themanini alizunguka pale barabarani mbele ya tuktuk, marinda yakimfuata nyuma, akicheka bila meno.

Mwaka jana, mwezi wa saba, cherehani kile kikuukuu kilianguka kutoka kwenye tuktuk kikavunjika shingo. Hata Ngumbao hakuweza kukiponya. Tarehe mosi ya mwezi uliofuata wakaenda duka moja la Malindi, wakanunua cha umeme, kipya, cheupe, chenye waranti ya mwaka mmoja. Chini yake kulikuwa na stika ndogo nyekundu. Muuzaji aliigonga kwa ukucha. "Hii ikibanduka, waranti imekufa. Asiguse mtu ila fundi wetu."

Watu wengine huogopa nyoka. Kache, aliyesoma mpaka kidato cha nne, aliogopa karatasi yenye mhuri. Aliisoma ile ya waranti mara mbili, akaitia ndani ya sanduku la nguo za Pasaka, na siku hiyo hiyo akamwapisha mumewe. Ngumbao aliapa. Lakini kwa wiki nzima alikizunguka kile cherehani kama paka anayezunguka kapu la samaki.

Kikaanza vizuri. Baada ya miezi miwili kikaanza ukorofi. Siku nyingine kilishona kama maji yanayoteremka, siku nyingine kiliruka mishono, kikakusanya uzi chini, kikamtia Kache aibu mbele ya wateja. Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba kwa Ngumbao hakikugoma. Kila Jumatatu Kache akienda Malindi kununua vitambaa, Ngumbao alikaa kibandani akashona mahando yake, na jioni yalikuwa yamekunjwa mezani, safi, bila mshono ulioruka.

"Kwako hakigomi kwa nini?" Kache alimuuliza.

"Kinanijua."

"Na mimi hakinijui? Mimi ninayekifuta vumbi?"

"Wewe unakitisha na karatasi."

Mwezi wa saba wa mwaka huu, miezi mitano baada ya mazishi, mambo mawili yalimfikia Kache wiki moja.

La kwanza lilitoka Ganze. Mama mkwe alipiga simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na simu aliishika mbali na uso kana kwamba itamuunguza. Familia ilikuwa imekubaliana kufanya hanga ivu, matanga ya kumaliza, mwisho wa mwezi wa nane. Katika yale ya kwanza watu hulia. Katika haya marehemu huagwa kwa chakula na ngoma, na baada yake wenye msiba huruhusiwa kuendelea na maisha. Wanawake watano wa mji wangecheza, na wote walitaka mahando mapya.

"Utashona wewe," mama mkwe alisema.

"Mayo, mimi hando sijawahi kushona. Yalikuwa yake."

"Cherehani si hicho hicho?"

"Ni hicho hicho, mayo, lakini hata dera kinakataa."

Mama mkwe akasema, "Basi uniambie mapema, nitacheza na la zamani," na simu ikakatika. Kache alibaki akiitazama. Hando la zamani la mama mkwe lilikuwa limepasuka pembeni. Alijua kwa sababu Ngumbao alikuwa ameahidi kumshonea jingine.

La pili lilitoka dukani Malindi. Msichana mwenye sauti ya asali alimwambia kwamba waranti inaisha tarehe thelathini na moja, na kwamba akitaka inaweza kuongezwa miaka miwili, mradi fundi wao akikague cherehani kwanza.

Kache alilala na neno hilo, akaamka nalo. Asubuhi akaliweka mbele ya Dorcas, fundi mwenzake wa kibanda cha pili, mama kutoka bara aliyekuja Watamu kwa mwaka mmoja akakaa kumi na tano.

"Kuongeza waranti ya mashine inayosumbua?" Dorcas akasema, sindano mdomoni. "Hiyo ni kama kufunga ndoa tena na mlevi."

"Na nisipoongeza, kikifa nani atakitengeneza? Aliyekuwa anatengeneza yuko wapi?"

Dorcas akatoa sindano mdomoni. "Pole, Mama Pola. Ongeza tu."

Hapo Kache akaamua. Ataongeza. Miaka miwili ya kuwa na mtu wa kumpigia simu si haba kwa mwanamke aliyebaki peke yake, mtoto wake Pola akiishi mbali. Pengine huyo fundi angekinyoosha, na yale mahando matano yangewezekana.

Fundi alikuja Jumatano, siku ya mwisho ya waranti, kwa bodaboda. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Naitwa Thuku, nimetumwa na duka."

"Marahaba, baba. Ingia kivulini, jua lisikumalize."

"Mashine ndio hii? Inasumbua aje?"

"Kikitaka kinashona. Kisipotaka, hata ukipigie magoti."

"Inagoma na kitambaa gani?"

Lilikuwa swali dogo, na katika mwaka mzima hakuna aliyemuuliza. "Chochote," Kache akajibu.

"Muongo!" Dorcas akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Jinzi yangu uliipunguza Jumatatu bila neno. Mapazia ya ile hoteli, hukulalamika. Ni madera ndiyo yanakufanya umtaje shetani."

Kache akafikiri. Kweli. Jinzi kilishona, turubai kilishona. Kitambaa chepesi ndicho kilichokuwa kikikishinda.

Thuku alikilaza cherehani ubavu, akainama kuitazama ile stika nyekundu. Akainama zaidi. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mama, hii mashine imefunguliwa."

"Haijafunguliwa! Nakula kiapo. Stika hiyo hapo."

"Stika imebanduliwa, ikarudishwa na gundi ya viatu." Akasita. "Tena imerudishwa kwa heshima. Ningekuwa na haraka singejua."

Thuku akaibandua ile stika iliyofunika skrubu moja, akalegeza zote nne, akafunua kifuniko cha juu. Ndani kulikuwa safi kuliko alivyotarajia. Kila kiungo kilikuwa kimetiwa mafuta, tone moja moja. Akaingiza koleo ndogo nyuma ya springi ya ule mguu unaobana kitambaa, akavuta kitu, akakiweka kwenye kiganja cha Kache.

Kilikuwa kipande cha mpira, bluu, cha mviringo, hakizidi sarafu. Kilikuwa na tundu katikati na kingo zake zilisuguliwa mpaka zikawa laini. Mpira wa ndara.

Kache alikijua. Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tisa, ndara ya kulia ya Ngumbao ilikuwa imepungua kisigino upande mmoja. Alipomuuliza, Ngumbao alisema imeumwa na panya. Kache alitega mtego wa panya wiki tatu. Kila asubuhi Ngumbao aliamka akautazama ule mtego mtupu, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu panya ni mjanja."

Kicheko kilimtoka Kache kabla hajakizuia, kikubwa, cha tumboni, na Dorcas akaja mbio kuona kuna nini. Kisha akakaa chini kwenye sakafu ya kibanda, kipande kimefumbatwa mkononi.

"Panya," alisema. "Dorcas, ndiye huyu panya."

Walimwacha akae. Thuku alijifanya anafuta bisibisi. Baadaye akamweleza polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Aliyeweka kipande kile alitaka mguu ule uinuke kidogo, kitambaa kinene kipite chini yake. Kwa kitambaa kinene ilikuwa dawa. Kwa chepesi ilikuwa ugonjwa, maana mguu haukukibana vya kutosha, na ndipo mishono ikaruka.

"Huyu alikuwa fundi," Thuku akasema. "Hajakata kitu, hajatoboa kitu. Mimi nisingefikiria."

"Alikuwa mume wangu."

"Pole, mama." Akatazama barabarani, akarudisha macho. "Sasa nikuambie. Kisheria waranti imekufa. Lakini kipande kimeshatoka. Naweza kuweka stika mpya niandike mashine iko sawa. Wewe unaweka sahihi, miaka miwili inaanza leo. Mimi sijaona kitu."

Akafunga kifuniko. Kache akaketi mbele ya cherehani, akaingiza pindo la dera. Kikashona. Hakikuruka, hakikukusanya uzi. Mishono ilipangana kama punje za mtama. Dorcas akapiga makofi. Kwa miezi yote ile Kache alikuwa ameomba apate hicho, na sasa kilikuwa hapo, na fomu ilikuwa tayari juu ya meza ikingoja kalamu.

Akaifungua droo, akatoa bafta. Akaikunja marinda kama alivyokuwa akimwona Ngumbao akifanya, kunjo juu ya kunjo, akaisukuma chini ya ule mguu. Haikuingia. Akaibana kwa vidole mpaka ikaingia, akakanyaga pedali. Mota ikakoroma, sindano ikashuka mara moja, mara mbili, ikakatika na kuruka ukutani.

"Hiyo ni nene sana, mama," Thuku akasema. "Mashine hii haikutengenezewa hiyo."

"Najua."

Dorcas akasogea karibu. "Sikiliza, Mama Pola. Weka sahihi. Hayo mahando mpelekee fundi mwingine."

"Fundi gani?"

Dorcas akainama kuiokota ile sindano iliyokatika.

Kache aliitazama ile fomu. Miaka miwili. Kila dera lingetoka zuri, na likiharibika jambo, Thuku angekuja na ovaroli yake. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya karatasi ile. Ila akiitia sahihi, huko Ganze mama angecheza hanga la mwanawe ndani ya hando lililopasuka, na yeye Kache angesimama pembeni akijua kwamba cherehani kilikuwa kimeandaliwa kwa kazi hiyo hiyo, na kwamba ni yeye aliyekubali kiandaliwe upya. Alimkumbuka Ngumbao akiapa asikiguse, uso umenyooka kama wa shemasi. Alikuwa ameapa uongo kwa ajili ya mahando. Basi ndiyo maana alicheka kwenye simu siku ile. Alijua ugonjwa, alijua na dawa. Angerudi, angeingoja Jumatatu, angekiondoa kile kipande kwa siku za madera, angekirudisha siku za mahando, na Mama Waranti asingejua kamwe.

Akaisukuma fomu pembeni.

"Kirudishe," akasema.

"Nini?"

"Kipande. Kirudishe kilipokuwa."

"Mama, leo ndiyo siku ya mwisho. Kesho ukiita, duka halitakuja."

"Nimesikia, baba. Kirudishe."

Thuku akakuna kichwa. "Kukitoa ndiyo kazi yangu. Kukirudisha nitafukuzwa. Hiyo siwezi."

Kache akainuka. Kwenye msumari nyuma ya mlango ulikuwa umening'inia ule mfuko wa turubai, tangu mwezi wa pili hakuna aliyeushusha. Akaushusha. Akavua viatu bila kufikiri, akatoa bisibisi fupi yenye mpini wa mbao.

"Umewahi kufungua mashine, mama?"

"Nimeishi na aliyefungua."

"Hiyo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Thuku akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Mimi naangalia barabara tu," akatangaza. Lakini alisimama upande, jicho moja ndani. Kache akalegeza skrubu ya kwanza, ya pili. Alipoelekea skrubu isiyohusika, Thuku akakohoa. Akahamia nyingine. Alipoivuta springi kwa nguvu, Thuku akakohoa mara mbili, kikohozi kikali, na Kache akalegeza mkono.

"Huyu ana kifua kikuu," Dorcas akasema.

"Ni vumbi la Watamu," Thuku akajibu, macho barabarani.

Kipande kilimponyoka mara tatu. Vidole vyake vilikuwa vya kushika kitambaa, havikuwa vya kushika chuma, na jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mara ya nne kiliingia, kikakaa, na springi ikakilalia juu yake. Thuku hakukohoa. Kache akafunga kifuniko, akabadili sindano, akaisukuma bafta chini ya mguu. Ikaingia yenyewe. Akakanyaga polepole, na sindano ikapanda marinda, ikashuka, ikapanda, mota ikinguruma kwa upole, mpaka ikatoka upande wa pili.

Thuku alichukua fomu, akaandika chini yake maneno matatu: mteja hataki kuongeza. Akaipeperusha wino ukauke. "Kaa salama, mama," akasema, akapanda bodaboda.

Kache alikaa akashona hando lake la kwanza mpaka jua lilipopungua. Lilikuwa limepinda kiunoni. Akalifumua, akaanza tena. Akajikuta akimkasirikia Ngumbao kwa mara ya kwanza tangu afe, kwa ule mtego wa panya, kwa kutomwambia, kwa kutorudi Alhamisi ile amwambie. Na hasira ile ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko ule ukimya wa miezi mitano. Kesho yake akampigia simu mama mkwe.

"Mayo, usivae la zamani."

"Cherehani kimepona?"

"Hakikuwa kinaumwa, mayo. Ni mwanao alikifungua."

Kicheko cha kikongwe kikasikika kutoka mbali na simu. "Huyo," akasema mama mkwe, "alipokuwa mdogo alifungua redio ya baba yake."

Waranti iliisha Jumatano ile. Madera na nguo nyepesi Kache humpelekea Dorcas, naye Dorcas humletea jinzi na mapazia. Mahando manne yameshakamilika na yamekunjwa ndani ya mfuko. La tano, la mama mkwe, limebaki kufungwa kiunoni, na hanga ni Jumamosi ijayo.